Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kungoja marejesho ya kodi Marekani

IRS, idara ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, hufungua mlango wa kupokea ritani, yaani fomu za kodi za mwaka, mwishoni mwa Januari, lakini watu wetu wengi hapa Marekani huwa wameshazigawa pesa za marejesho, zile ambazo IRS inakurudishia, kabla hata mwajiri hajatoa W-2, ile fomu inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi iliyokatwa. Hizi za kutengeneza gari, hizi za ada ya mdogo wangu nyumbani, hizi za kupunguza deni la kadi. Machi inaingia, benki kimya, na simu zinaanza: "Yako imeshaingia?" Nimekaa na wengi kwenye msoto huo, nikiwasomea barua na kuwatafsiria kwenye simu, na karibu kila mara niliona kwamba tatizo lilianza siku ileile ya kujaza fomu. Kwa hiyo soma haya kabla hujatuma ritani.

Kwanza, ujue muda wenyewe. IRS inasema marejesho mengi hutoka ndani ya siku 21 kama ritani imetumwa kwa kompyuta na pesa zinaingizwa benki. Wamesema mengi, hawakusema yote. Ritani ya karatasi huchukua wiki sita au zaidi. Ukikosea ukalazimika kurekebisha kwa fomu 1040-X, hesabu wiki 8 hadi 12, na nyingine hufika 16. Tuma kwa kompyuta, chagua benki, basi.

Pili, kama una watoto na kipato chako ni cha chini, huenda unadai unafuu unaoitwa EITC, au ile sehemu ya unafuu wa watoto inayoitwa ACTC. Hapo kuna sheria ya mwaka 2015, PATH, inayoizuia IRS kutoa marejesho hayo kabla ya katikati ya Februari. Na hawazuii kipande hicho tu, wanazuia pesa zote. Hata ukituma siku ya kwanza kabisa, tazamia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Usimwambie mwenye nyumba kwamba utamlipa tarehe 10 Februari kwa pesa ambazo sheria yenyewe imezifunga.

Ngoja W-2 zote. Waajiri wanatakiwa kuwa wamezitoa kufikia 31 Januari. Wanaofanya kazi kupitia mawakala wanahama ghala hili kwenda lile, mwisho wa mwaka wana W-2 tatu na wanatuma ritani kwa mbili, au kwa karatasi ya mshahara ya Desemba. IRS inapokea W-2 hizohizo kutoka kwa mwajiri na itazilinganisha na zako. Zisipolingana, ritani yako inaweza kuwekwa pembeni mpaka ikaguliwe.

Majina. Sisi wa majina matatu na manne hapa ndipo tunapoumia. Jina la kwenye ritani liwe kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, ile ya namba ya hifadhi ya jamii, herufi kwa herufi, lako na la kila mtoto. Kama kadi imegeuza jina la babu kuwa la katikati, basi kwenye ritani nalo likae katikati, hata kama pasipoti inasema vingine. Umeolewa ukabadilisha jina? Anza na ofisi ya Social Security, ndipo uende kwenye kodi. Na mtoto mmoja adaiwe na mtu mmoja. Wazazi mliotengana, na nyie shangazi na wajomba mnaolea watoto wa ndugu, zungumzeni Januari mkubaliane nani anamwandika. Mtoto akiandikwa na watu wawili, wote wawili mnaweza kuandikiwa barua, na mmoja wenu atatakiwa kurudi nyuma.

Akaunti ya benki iwe ya jina lako. Si ya rafiki, si ya mtayarishaji anayekujazia ritani, si ya kaka aliyekupokea uwanja wa ndege. Soma namba mara mbili kutoka kwenye karatasi ya benki, usizitoe kichwani. Kama huna akaunti, fungua sasa, maana tangu 30 Septemba 2025 serikali imeanza kuachana na hundi za karatasi kwa watu binafsi.

Sasa nifike kwenye anwani. Hapa nitakaa, kwa sababu nimeona kilichompata dada mmoja tunayesali naye.

Dada huyu anafanya zamu ya usiku, ana watoto wawili, na mwezi wa kumi alihama kutoka apatimenti moja kwenda nyingine upande wa pili wa mji. Februari alikwenda kwa mtayarishaji yuleyule wa mwaka uliotangulia, mtu wa kwetu, anayeongea lugha yetu, mwenye maneno matamu. Yule bwana alifungua faili la zamani kwenye kompyuta, akabadilisha mshahara, akabonyeza kutuma. Anwani ilibaki ya zamani. Dada hakupewa nakala ya ritani, alipewa kikaratasi chenye kiasi atakachopata. Kilikuwa kiasi kizuri, na alikitegemea: gari lake lilikuwa halina breki za kuaminika, na kodi ya nyumba mpya ilikuwa juu kuliko ya zamani.

Wiki zikapita. Kila asubuhi akitoka zamu aliangalia ukurasa wa IRS wa kufuatilia marejesho, na kila asubuhi jibu lilikuwa lilelile, ritani imepokelewa. Akimpigia mtayarishaji, anaambiwa, "Dada, tulia, mwaka huu wote wamechelewa." Alipozidi kumsumbua, yule bwana akasema basi tuitume tena kwa karatasi. Akaituma. Hili lilikuwa kosa kubwa kuliko la anwani. Ritani ya pili ya mtu yuleyule kwa mwaka uleule inaongeza mkanganyiko, na IRS wenyewe wanasema wazi kwamba usitume tena, kwa sababu inachelewesha.

Kumbe muda wote huo barua ilikuwa imeshatumwa. Ni ile inayoitwa 5071C, inayomwambia mtu: tumepokea ritani yenye jina lako, tuthibitishie kwamba ni wewe uliyeituma. Wezi wa utambulisho ni wengi, kwa hiyo ritani zinazotiliwa shaka hukaa mpaka mwenyewe ajitokeze. Hakuna anayekataa pesa zako, wanakungoja wewe. Barua ilikwenda apatimenti ya zamani, na hakuwa amejaza fomu ya posta ya kuhamisha barua zake. Nani aliipokea, sijui. Yeye akawa anawangoja wao, na wao wanamngoja yeye.

Tulikuja kujua Aprili, kwenye meza ya wale wanaojitolea kusaidia watu kujaza kodi bure, mpango wa VITA. Mama mmoja pale alimsaidia kufungua akaunti yake kwenye tovuti ya IRS, akatoa kumbukumbu za akaunti (transcript), akaweka kidole kwenye namba 971. Maana yake barua imetumwa. Tukapiga simu. Wakaanza kumuuliza mambo ya kwenye ritani yake ya mwaka ule na ya mwaka uliotangulia, na dada hana nakala hata moja. Ofisi ya mtayarishaji ilikuwa imefungwa baada ya 15 Aprili, siku ya mwisho ya kutuma ritani, simu haipatikani. Nilikaa pembeni yake nikimtazama akijibu "sina" kwa kila swali, na niliumia, kwa sababu pesa zilikuwa zake na kazi aliifanya kwa mikono yake.

Ilibidi apange miadi, aende ana kwa ana na pasipoti, kadi ya Social Security na kumbukumbu zilizotolewa upya. Alipokubaliwa, saa ikaanza upya: baada ya kuthibitisha utambulisho, IRS inasema inaweza kuchukua hadi wiki tisa. Pesa ziliingia watoto wakiwa wanarudi shule Agosti. Katikati hapo alikuwa amelipa faini za kuchelewesha kodi ya nyumba, amekopa, na gari limekaa likichakaa.

Kwa hiyo nakuagiza mambo haya, na usiyapuuze. Kabla hujasaini, soma anwani yako, namba yako ya simu na namba ya benki kwenye ritani yenyewe, si kwenye kikaratasi cha kiasi. Ukihama, jaza fomu 8822 ya IRS na uende posta siku hiyohiyo. Ondoka na nakala nzima ya ritani, kurasa zote, na uiweke pamoja na ya mwaka uliotangulia. Mtayarishaji anayelipwa anatakiwa na sheria kusaini na kuandika namba yake ya PTIN, ile anayopewa na IRS kama mtayarishaji. Asiyetaka kusaini, au anayekudai asilimia ya marejesho, chukua karatasi zako utoke. Na ufungue akaunti yako ya IRS mapema, Januari, ukiwa na utulivu, kwa sababu inataka picha ya kitambulisho na ya uso, na hutaki kuhangaika nayo ukiwa na hofu. Ndani ya akaunti hiyo unaweza pia kuomba namba ya siri ya tarakimu sita, IP PIN, ambayo inamzuia mwizi kutuma ritani kwa jina lako.

Kufuatilia ni rahisi. Unahitaji namba ya Social Security au ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security), hali uliyojaza kama mseja au mwenye ndoa, na kiasi kamili cha marejesho. Ritani ya kompyuta huonekana baada ya saa 24, ya karatasi baada ya wiki nne. Ukurasa unabadilishwa mara moja kwa siku, usiku. Kuangalia mara kumi hakuongezi kitu. Kwenye kumbukumbu za akaunti, 570 ni kwamba wamesimamisha kidogo, 971 ni barua, na 846 ndiyo unayoitaka: pesa zimetolewa, na tarehe iko pembeni yake.

Kama ulituma kwa kompyuta na siku 21 zikapita bila kitu, hapo piga simu. Piga asubuhi mapema, uwe na ritani mezani, na kama Kiingereza kinakuchanganya omba mkalimani, ni bure. Usimweke mtoto wa miaka kumi akutafsirie mambo ya kodi.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama unadaiwa. Matunzo ya mtoto yaliyolimbikizwa, kodi ya jimbo, deni la serikali kuu, yote haya yanaweza kukatwa kwenye marejesho yako kabla hayajakufikia. Kama mmejaza pamoja na mwenzi wako na deni ni lake peke yake, kuna fomu 8379 ya kuokoa fungu lako. Ikitumwa pamoja na ritani kwa kompyuta huchukua kama wiki 11, kwa karatasi 14. Wanandoa, ambianeni ukweli kuhusu madeni kabla ya kujaza. Nimeona ugomvi mkubwa uliotokana na barua ndogo.

Ukifika mahali unatishiwa kufukuzwa nyumba au kukatiwa umeme kwa sababu ya kuchelewa huku, kuna ofisi ndani ya IRS inayojitegemea, Taxpayer Advocate Service, inayotetea walipakodi bila malipo. Unaomba kwa fomu 911. Ambatisha ushahidi: notisi ya mwenye nyumba, bili ya umeme yenye tarehe ya mwisho. Wengi wetu hatuijui ofisi hii, na inauma kuona mtu anahamisha vitu vyake wakati msaada upo.

IRS ikikawia zaidi ya siku 45 baada ya siku ya mwisho ya kutuma, au baada ya siku uliyotuma kama umechelewa, kwa kawaida inakulipa riba. Riba hiyo nayo ni kipato, utaiandika mwaka unaofuata.

Usikope kwa kutegemea marejesho. Wale wanaokupa pesa leo wachukue za IRS kesho, wengi wao wanakata ada, na pesa zikichelewa au zikipunguzwa, deni linaweza kubaki kuwa lako na wao. Bili zinazojirudia kila mwezi zipangie mshahara, marejesho yaje juu yake.

Na wakati unangoja, matapeli nao wanakungoja. IRS huanza kwa barua ya posta. Ujumbe wa simu unaosema bonyeza hapa upokee marejesho, futa. Mtu wa WhatsApp anayesema ana ndugu ndani ya IRS wa kuharakisha, usimpe namba ya Social Security, hata kama anakuita mama, hata kama mnatoka kijiji kimoja. Barua ya kweli nayo usiiache kwenye droo kwa kuwa ni ya Kiingereza kirefu. Ina tarehe ya mwisho, mpelekee mtu akusomee wiki hiyohiyo.

Marejesho ya jimbo ni jambo lingine kabisa. Yana ofisi yake, ukurasa wake wa kufuatilia na muda wake, na IRS hawawezi kukujibu chochote kuyahusu.