Figo inavyorekebisha kasi ya kuchuja: ielewe kwa mpira wa maji

Kama unasoma fiziolojia na hii mada inakugomea, acha kukariri. Tafuta mpira wa kumwagilia maua, ule mkuukuu usiouonea huruma, utoboe vitundu kama kumi na sindano pale katikati, uchomeke bombani ufungue maji. Hivyo vitundu ndo glomerulasi, kichujio chenyewe, na kila figo inavyo kama milioni hivi.

Sasa bana mpira upande wa bombani, kabla ya vitundu. Si unaona maji yanachuruzika kinyonge? Achia, halafu bana kule mbele yanakotokea, yanaruka mpaka shati linalowa. Figo nayo ina mshipa wa kuingiza damu na wa kutoa, kutwa inabana huu inalegeza ule ili kasi ibaki palepale, mililita 125 kwa dakika kwa figo zote mbili, yani lita 180 kwa siku (karibu zote zinarudishwa kwenye damu, la sivyo tungehamia chooni).

Presha ikipanda, mshipa wa kuingiza unavutika na wenyewe unajikaza ndani ya sekunde chache, hausubiri amri ya ubongo. Afu kuna makula densa, hapa ndo watu wengi wanapotea, ni vijiseli kwenye kile kijimrija cha ndani ya figo kinachobeba maji yaliyochujwa, pale kinaporudi kugusana na glomerulasi yake, kazi yao kuonja chumvi. Ikipita nyingi wanajua uchujaji umezidi, inatoka kemikali iitwayo adenosini, mlango wa kuingilia unabanwa. Ikipita kidogo, prostaglandini zinaulegeza, na renini inatoka kwenda kuzaa anjiotensini II inayobana mlango wa kutokea. Yote haya yanawezekana presha ya wastani ikiwa kati ya 80 na 180 hivi, chini ya hapo bomba limekauka, bana unavyotaka.

Jaribu la mwisho. Mtu kaharisha siku mbili, anatumia enalapril ya presha, mgongo unamuuma kameza diklofenaki. Punguza koki, hayo ndo maji aliyopoteza. Diklofenaki inazima prostaglandini, kwahiyo bana upande wa bombani, enalapril inazuia anjiotensini II isitengenezwe, kwahiyo mkono wa mbele achia kabisa. Tazama vitundu, tone moja moja tena kwa shida. Huyo ndo anafika wodini mkojo hamna, kreatinini (taka ya damu ambayo figo ilitakiwa kuitoa) iko juu, na swali lake kwenye mtihani hawachoki kulitunga.