Somo: Kulijua bakuli la chai la Kijapani kwa mikono

Bakuli jeusi la Raku, aina ya ufinyanzi wa Kijapani, halina ua wala nakshi, na wengi hulipita. Lipe dakika kumi.

1. Vua pete na saa. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, bakuli liwe karibu na mkeka. Likiponyoka, halitaanguka mbali.

2. Lishike kwa viganja viwili. Raku halifinyangwi kwa gurudumu. Chōjirō, aliyeanza kazi hii Kyoto karne ya 16 kwa ajili ya Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai aliyefariki 1591, aliuinua udongo kwa mikono kisha akaukwangua. Ndiyo maana viganja vyako vinapata pa kutulia.

3. Fuata mdomo wake kwa macho. Unapanda, unashuka kidogo. Tafuta pale ambapo ungenywea.

4. Tazama ndani. Kile kibonyeo cha chini huitwa chadamari. Tone la mwisho hujikusanya hapo. Sasa fikiria kijani cha matcha, chai ya unga, juu ya weusi ule. Ua lingeshindana na chai.

5. Ligeuze. Hapa mimi hukaa kuliko pengine pote. Mabakuli mengi ya Hagi, mji mwingine wa ufinyanzi Japani, huachwa kitako, yaani kodai, bila utando wa kioo: unauona udongo wenyewe, unaona kisu kilipopita na kilipoinuliwa. Hapo mfinyanzi hawezi kujificha. Kwenye Raku jeusi tafuta ubavuni alama ya koleo, kwani hutolewa tanurini likiwa bado jekundu kwa moto.

Maswali ya wanachama

– Mwalimu, langu lina ufa. Nilitupe?
Usilitupe, dada. Wajapani huunga vyombo kwa utomvu wa mti wa urushi na unga wa dhahabu. Kazi hiyo huitwa kintsugi. Mshono huachwa uonekane.

– Kwa hiyo kila bakuli lililopinda ni zuri?
Hapana, ndugu yangu. Lililopindishwa makusudi ili lisifiwe, mkono hulitambua: halitulii kiganjani.

– Niliogeshe kwa sabuni?
Sabuni iache, udongo wa Raku hunyonya. Liloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kutia chai, ulisuuze baadaye, kisha uliache siku kadhaa likauke kabisa ndipo ulirudishe kwenye sanduku lake.