Kabla ya kwenda kupima makula: miwani, matone na picha za zamani

Makula ni kisehemu kidogo katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nacho ndicho tunachosomea na kutambulia sura za watu. Kikizorota kwa uzee, jicho lililo na afya humfichia mtu upungufu wa jicho la pili. Kwa hiyo jipime nyumbani kwanza kwa gridi ya Amsler, ile karatasi ya miraba yenye nukta katikati. Vaa miwani ya kusomea, shika gridi umbali wa sentimita 30, funika jicho moja bila kulikandamiza, ukazie nukta macho, kisha badilisha. Mistari ikipinda au kufifia, andika ni jicho lipi na tangu lini. Ikipinda ghafla, usingoje tarehe ya kliniki, nenda mara moja: huenda mishipa inavuja chini ya retina, na ukichelewa huacha kovu lisiloondoka.

Beba miwani yote, ya mbali na ya karibu. Bila ya mbali, herufi unazoshindwa ubaoni zinaweza kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Herufi zisomwe kabla ya matone ya kupanua mboni. Ukiona matone yanatangulia, uliza. Huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu hudumu saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe gari wala pikipiki. Njoo na msindikizaji na miwani ya jua. Kama uliwahi kuambiwa una glaukoma ya pembe finyu (presha ya jicho inayopanda njia ya maji ya jicho inapobanwa), sema kabla hujawekewa.

Skana ya OCT, inayopiga kwa mwanga picha za vipande vya tabaka za retina, haigusi jicho wala haiumi. Picha yake huharibiwa na macho makavu, mtoto wa jicho na kutotulia. Pepesa mara chache, kisha tulia. Usipoiona alama ya kutazama kwa jicho bovu, sema, kwani mpimaji anaweza kukuwekea taa ya kutazama kwa jicho lingine. Wengi hunyamaza kwa aibu, picha ikatoka pembeni ya makula.

Ukipangiwa picha za fluoresini, rangi inayodungwa kwenye mshipa wa mkono ili mishipa ya retina ionekane, taja mzio, pumu na ujauzito. Kichefuchefu cha muda mfupi hutokea, na mkojo huwa wa manjano iliyokolea kwa siku moja au mbili.

Kama ulishapigwa picha za OCT kwingine, omba faili lenyewe kwenye flashi. Ukurasa uliochapishwa huonyesha vipande vichache tu, na maji yaliyovuja yanaweza kuwa kwenye kipande ambacho hakikuchapishwa.