Mayai yakikataa kuanguliwa, kagua chakula cha mama

Kuku akilalia mayai 12 na kutoa vifaranga 4, wafugaji wengi wa Vihiga na Kakamega humlaumu jogoo. Jogoo mmoja mwenye afya anatosha mitetea 10. Kabla hujamchinja, vunja mayai yaliyobaki siku ya 22. Yai lenye kiini na ute tu, bila hata uzi wa damu, huenda halikurutubishwa. Lakini ukikuta kifaranga amefia ndani akiwa ameshakomaa, vidole vimejikunja na manyoya yamesokotana vifundo vifundo, shuku kwanza kwamba mama alikosa vitamini B2.

Kuku wa kufungiwa anayekula mahindi meupe matupu hushiba, ila protini na vitamini A hapati za kutosha. Kwa kilo 100 changanya mahindi ya manjano 55, soya 13, omena (dagaa) 8, mashudu ya alizeti 8, pumba za mahindi 7 na chokaa ya mifugo 8. Ongeza chumvi gramu 300, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa kutotolesha kwa kipimo cha pakiti. Hiyo premiksi usiiruke, ndiyo yenye B2 na E. Soya lazima ikaangwe, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Omena ya mifugo inayouzwa Kisumu hubeba mchanga: koroga kiganja kimoja kwenye glasi ya maji uone kinachotua chini. Ukizidisha omena, mayai yatanuka samaki. Mahindi yenye ukungu yatupe, sumukuvu huharibu ini.

Mtetea anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na maji karibu mara mbili ya hapo. Ganda moja hubeba kalsiamu kama gramu 2, nao mwili hunyonya takriban nusu tu ya kinacholiwa. Ganda hujengwa zaidi usiku, hivyo weka chokaa ya chengachenga kwenye chombo cha pembeni alasiri. Vifaranga na mitetea ambao hawajafika wiki ya 18 wasiguse chakula hiki. Kalsiamu nyingi huwaharibu figo.

Sukuma wiki au mchicha wafungie juu kila siku, wadonoe. Ukishabadilisha chakula, ngoja wiki mbili ndipo uanze kukusanya mayai ya kulaliwa. Ya kabla ya hapo uza au kula.