Fuata fedha ya mradi wenu wa maji mpaka kwenye kilula (bomba la umma la kuchotea maji): mwongozo kwa kamati za vijiji vya Dodoma

Nimefanya kazi na kamati za maji za vijiji vya Chamwino na Bahi kwa miaka mingi, na kosa ninalolikuta karibu kila mahali ni hili: mradi ukitajwa redioni wakati wa Bunge la bajeti, kijiji kizima kinaamini fedha imeshatoka. Bajeti ikipitishwa, kilichopatikana ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe huja baadaye, kidogo kidogo, na kuna miaka hesabu zinafungwa tarehe 30 Juni haijafika. Kuifuata kunahitaji daftari, simu yenye intaneti, ndoo ya lita 20 na wenzako wawili wasiochoka upesi.

Hatua ya kwanza: chagueni mradi mmoja tu. Pigeni picha bango lake, mnakili jina lilivyoandikwa, maana jina la kwenye mkataba mara nyingi silo mnaloliita kijijini.

Hatua ya pili: tafuteni kitabu sahihi. Hapa ndipo wengi hupotea. Wanakwenda halmashauri, wanapekua bajeti ya wilaya, hawaoni kitu, wanarudi wakidhani wamefichwa. Tangu Julai 2019, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka huo, maji ya vijijini yako RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na RUWASA iko chini ya Wizara ya Maji. Kwa hiyo someni Fungu 49, ambalo ndilo la Wizara hiyo, katika Kitabu cha Nne cha bajeti ya Serikali, ambacho ndicho cha miradi ya maendeleo. Someni pia hotuba ya bajeti ya Waziri wa Maji, hasa viambatisho vya mwisho. Mkiwa mjini, mamlaka yenu ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Masuala ya mazingira kwa jumla yako Ofisi ya Makamu wa Rais, Fungu 31.

Hatua ya tatu: chora safu tatu kwenye daftari. Iliyoidhinishwa. Iliyopokelewa. Iliyotumika. Jazeni kila robo ya mwaka: Septemba, Desemba, Machi na Juni. Ya kwanza mtaipata kitabuni. Mbili zilizobaki mwandikieni Meneja wa RUWASA wa wilaya, barua ipitie kwa Mtendaji wa Kijiji na igongwe muhuri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu, basi andikeni tarehe ya kupokelewa juu ya nakala yenu. Barua iwe fupi: "Tunaomba kufahamishwa kiasi kilichopokelewa na kilichotumika kwa mradi huu hadi tarehe 31 Desemba, na chanzo chake: fedha za ndani, Mfuko wa Taifa wa Maji au wahisani."

Majibu yakija, yasomeni kwa utulivu kabla ya kumlaumu mtu. Kama iliyopokelewa ni ndogo sana, mhandisi wa wilaya hana la kufanya. Fedha imekwama juu, na wa kumbana ni mbunge. Kama imepokelewa lakini haijatumika, ulizeni zabuni imefikia wapi na mkandarasi ameshapeleka hati za madai ngapi. Kama imetumika na maji hamyaoni, hapo beba ndoo.

Hatua ya nne: nendeni kwenye kilula wenyewe. Kuna kijiji kimoja ambako taarifa ilionyesha vilula vyote vinafanya kazi. Tulifika alfajiri. Koki ya kilula cha tatu ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, maji yanatiririka kama uzi. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake akaniambia, "Mwanangu, mimi hapa nimefika saa tisa usiku." Tuliweka ndoo, tukawasha saa ya simu: dakika tatu ndipo ikajaa.

Sasa fanyeni hesabu. Sera ya Maji ya 2002 ilituzoesha kipimo cha kilula kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400, na lita 25 kwa mtu kwa siku. Hizo ni lita 6,250, yaani zaidi ya ndoo 312. Kwa dakika tatu kila ndoo, ni zaidi ya saa 15 na nusu za foleni bila kupumzika. Ukiisoma hesabu hiyo mbele ya kikao, hakuna anayeweza kusema kilula kinafanya kazi.

Hatua ya tano: ulizeni kuhusu chanzo. Naisisitiza kwa sababu huwa inasahauliwa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na kisima kinategemea ardhi inayokizunguka. Kondoa ilimomonyoka vibaya mpaka mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ukaanza mwaka 1973. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Pimeni kwa kamba, mwone nani amelima wapi. Kisha mwombe fedha za upandaji miti na mipaka kwa bodi ya bonde lenu. Makutupora, penye visima vya maji ya jiji la Dodoma, iko chini ya Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Bahi, mto Bubu unakoishia, ni Bonde la Kati.

Hatua ya sita: pelekeni daftari panapostahili. Kwanza Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao unapaswa kukaa kila miezi mitatu, muhtasari uandikwe. Kisha kwa Diwani. Kwa mbunge fikeni mapema, Februari au Machi, kabla kamati za Bunge hazijapitia makadirio; akipata ukurasa mmoja wenye safu tatu na dakika za ndoo, ana cha kuuliza. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili. Zisomeni, na msiishie kwenye ile ya Serikali za Mitaa: miradi ya RUWASA itafuteni kwenye za Serikali Kuu na miradi ya maendeleo.

Daftari likae kwa Mtendaji na nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ikifika Septemba, rudini kwenye kilula kilekile, na ndoo ileile.