Kula vegani kwa mama ntilie wa Tanga bila kulishwa dagaa

Kama u vegani, yaani huli chochote kitokacho kwa mnyama, kwanza achana na ile kauli ya "mie sili nyama". Hapa Tanga ukisema hivyo unaletewa samaki, mana samaki si nyama, samaki ni samaki, na ukimkataa unaambiwa basi chukua mchuzi tu, kumbe mchuzi wenyewe wa ng'ombe. Taja vitu kwa majina: sili nyama, kuku, samaki, dagaa, uduvi, yai, maziwa wala samli. Utaulizwa kama una presha. Mie nilichoka kueleza nikaanza kuitikia, shida ikaisha.

Habari nzuri ni kwamba mboga za pwani zinaungwa na tui la nazi, kwa hiyo nusu ya masufuria ni yako tayari. Asubuhi hapo Ngamiani huna haja ya kuwaza, chukua mbaazi za nazi na mahamri, uliza tu kama unga umekandwa kwa tui au maziwa. Vitumbua ni mchele, nazi, hamira, iliki na sukari, havina neno. Mkate wa kumimina ndo wa kuangalia, wengi wanatia ute wa yai. Na chai sema "ya rangi" mapema kabla kikombe hakijajazwa, huu mji wa maziwa bwana.

Mchana usikae mezani ukasubiri kuletewa, nenda mwenyewe kwenye masufuria uonyeshe kwa kidole, tena nenda mapema kisamvu hakikai. Sasa hicho kisamvu ndo mtego, kinaonekana majani matupu na nazi afu ukifika katikati ya sahani unakutana na uduvi wana macho, kwa hiyo usiulize "kuna nyama humu?", uliza "umetia nini humu?" umwache mama ataje mwenyewe mpaka mwisho. Mchicha nao hivohivo. Maharage ya nazi, bamia na wali wa nazi mara nyingi viko salama. Pilau sahau, hata akikutolea vinofu vyote wali umeiva kwenye supu. Halafu angalia upawa, kama ndo huohuo uliotoka kwenye mchuzi wa samaki mwombe mwingine kwa upole, foleni ikiwa ndefu utanuniwa, vumilia.

Kamulia ndimu kwenye maharage na mboga, inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma, chai isubiri kidogo. Vitamini B12 usiitegemee kwenye majani, ukila hivi siku zote tafuta vidonge.

Jioni ni viazi karai na bajia za kunde, ila uliza mafuta, mana karai hilohilo limekaanga samaki mchana. Mie hapo nafumba macho nakula. Rafiki yangu aligoma kabisa, tukaishia kwenye muhogo wa kuchoma, chumvi na pilipili, na akataka wa pili.