Namna ya Kufundisha Maadili ya Kiraia katika Masomo Yote ya Shule ya Kiyahudi

Muhula uliopita tulipata mwalimu mpya wa hisabati. Alikabidhiwa fomu ya andalio la somo yenye kisanduku cha maadili ya kiraia, na kwa wiki tatu mfululizo alikijaza kwa maneno yale yale: "Wanafunzi watasikilizana." Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe, ninayefundisha historia katika sekondari ya Kiyahudi kaskazini mwa London, nilikijaza hivyo mwaka mzima bila mtu kunikosoa. Haya ndiyo niliyomweleza tulipoketi pamoja.

Hatua ya 1: Soma waraka wenyewe

Shule za England, za dini na zisizo za dini, zinatakiwa kukuza maadili manne: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, na kuheshimiana na kuvumiliana baina ya watu wa imani mbalimbali na wasio na imani. Orodha hiyo ilitoka katika mkakati wa serikali wa mwaka 2011 wa kuzuia itikadi kali, na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa Novemba 2014 ukaeleza namna ya kuitekeleza. Kurasa zake ni chache. Waraka huo hauitaki shule ihubiri imani inayopingana na yake. Unachokataza ni kuchochea ubaguzi dhidi ya watu kwa sababu ya imani, maoni au asili yao. Walimu wengi wanaoulalamikia hawajaufikia mstari huo.

Hatua ya 2: Tazama kalenda mbili

Sikukuu za mwezi wa Tishri wa kalenda ya Kiyahudi hukata vipande vipande majuma ya Septemba na Oktoba, na Ijumaa za Desemba shule hufungwa mapema kwa sababu Sabato huingia kabla ya saa kumi jioni. Uchaguzi wa baraza la wanafunzi uwekwe Novemba, siku ya Jumanne au Jumatano.

Hatua ya 3: Keti na mwalimu wa Kodeshi kabla ya kuandika lolote

Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Shule zetu zina pande mbili: Kodeshi, yaani masomo matakatifu ya Torati, pamoja na Mishna na Talmudi ambavyo ni vitabu vya sheria na mijadala ya marabi, na Holi, yaani masomo ya kawaida. Mwalimu wa Holi akiagizwa kuunganisha maadili na imani ya shule, hutafuta haraka andiko linalofanana na neno alilopewa, akalibandika juu ya somo. Mimi nilichagua kisa cha tanuri la Akhnai, katika Bava Metzia, sehemu ya Talmudi, ukurasa wa 59b. Rabi Eliezer anabishana na wenzake kuhusu usafi wa tanuri. Mti wa mkarobi unang'oka na kuhama ili kumshuhudia, mfereji unarudi nyuma, kuta za chuo zinainama, na hatimaye sauti kutoka mbinguni inatangaza kwamba haki ni yake. Rabi Yehoshua anasimama na kusema kwamba Torati haiko mbinguni, na wengi wanafuatwa. Niliona nimepata demokrasia safi, nikatayarisha vipindi viwili.

Rabi anayeongoza Kodeshi aliyasoma maandalizi yangu, akaniuliza maswali mawili. La kwanza: ni nani waliopiga kura? Walikuwa wanazuoni, si raia. Hakuna aliyewachagua, na hakuna mkulima wala mfinyanzi aliyeulizwa. Sanhedrini kuu, mahakama kuu ya Kiyahudi ya kale, nayo ilikuwa na waamuzi 71, lakini haikuwa bunge. La pili: kwa nini nilikatisha kisa katikati? Baada ya kushinda, wale wengi walivichoma vyote ambavyo Rabi Eliezer alikuwa amevitangaza kuwa safi, wakamtenga. Rabi Akiva alikwenda kumpasha habari akiwa amevaa nguo nyeusi, akaketi mbali naye, na mzee yule akalia. Tena Talmudi inakileta kisa hiki ndani ya mjadala wa dhambi ya kumuumiza mtu kwa maneno. Kwa hiyo somo lake halihusu namna wengi wanavyoshinda. Linahusu namna wengi wanavyomtendea aliyeshindwa, na hilo ni swali la kiraia zito kuliko lile nililokuwa nimelileta.

Tangu siku hiyo siandiki neno kabla ya kumwona, na ninafuata masharti haya. Soma andiko lote, pamoja na yanayolitangulia na yanayolifuata. Uliza limetumiwaje katika halakha, yaani sheria ya Kiyahudi, kwa sababu kanuni ya Shmueli, mwanazuoni wa Talmudi, "sheria ya ufalme ni sheria", iliyosemwa Babeli chini ya utawala wa Kiajemi, inahusu zaidi kodi, ardhi na mali, na mwanafunzi hodari atakuuliza papo hapo: mfalme akiamuru Sabato ivunjwe, je? Usimjibu peke yako. Mwite rabi, mjibu pamoja mbele ya darasa. Mwisho, ulinganisho usipokubali, utupe. Mishna, katika sehemu iitwayo Sanhedrini, 4:2, inaagiza kwamba katika kesi za kifo waamuzi wadogo waanze kutoa maoni, wasije wakawafuata wakubwa kwa hofu. Hilo halihitaji kubandikwa jina la demokrasia. Lifundishe kama lilivyo, halafu waulize wanafunzi ni nani huanza kusema katika baraza lao.

Hatua ya 4: Tafuta swali ambalo tayari limo ndani ya somo

Katika historia kazi ni rahisi. Lionel de Rothschild, Myahudi, alichaguliwa kuwa mbunge wa Jiji la London mwaka 1847, lakini kiapo kilimtaka aape kwa imani ya Kikristo. Wapiga kura wakamrudisha tena na tena, Mabwana wa baraza la juu wakakataa miswada, na ni mwaka 1858 tu alipoapa akiwa amefunika kichwa na kuketi. Waulize wanafunzi: katika miaka hiyo 11, wapiga kura wake walikuwa na mbunge au hawakuwa naye?

Usikimbie kesi inayotugusa sisi. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba utaratibu wa kuingiza wanafunzi katika JFS, shule ya Kiyahudi ya London, uliotegemea mama kuwa Myahudi, ulikuwa ubaguzi wa kirangi kisheria. Majaji hawakukubaliana wote, na baadhi ya wazazi wana uchungu hadi leo. Hata hivyo utaratibu ulibadilishwa, ukaanza kutazama ushiriki katika ibada. Darasa likijadili hukumu lisiyoipenda, hapo ndipo utawala wa sheria unapopimwa.

Kwa hisabati, mwalimu mwenzangu alikuwa akitaka kutumia mizani ya haki ya Mambo ya Walawi 19:36. Inafaa kwa darasa la saba, ila inaisha upesi. Nilimpa hii. Wanafunzi 100 wanachagua chakula, kila mmoja akipanga kuanzia anachokipenda zaidi: 40 wanapanga falafeli, supu, piza, 35 wanapanga piza, supu, falafeli, 25 wanapanga supu, piza, falafeli. Kwa kura ya kwanza pekee, falafeli inashinda. Ukiondoa chakula chenye kura chache zaidi na kugawa kura zake kwa chaguo la pili, piza inapata 60. Ukishindanisha vyakula viwili viwili, supu inavishinda vyote. Kura hazikubadilika hata moja. Tumieni karatasi na ubao; programu za kura za simu hutoa mshindi kabla mtoto hajafikiri.

Sayansi isilazimishwe.

Hatua ya 5: Ziara na wageni

Mwombe rabi wa shule ushauri kabla ya kupanga mahali, kwa kuwa wakuu wengi wa halakha ya Kiorthodoksi hawaruhusu kuingia kanisani. Kutana na shule ya Kikristo katika ukumbi wao au katika sinagogi letu. Chakula kiwe cha koshari, yaani kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, kilichofungwa. Wape wanafunzi wa pande zote mbili kazi moja ya kufanya pamoja, maana wakiachwa waulizane "ninyi mnaamini nini?" huchoka baada ya dakika kumi.

Hatua ya 6: Sikiliza majibu

Mabango ya maadili manne ukutani siyapendi hata kidogo. Mtoto huyasoma kila siku, mkaguzi wa Ofsted, idara ya ukaguzi wa shule, akimuuliza demokrasia ni nini anamkariria bango, na hakuna aliyejua kama ameelewa. Mpe kisa badala yake: baraza limepiga kura kwamba darasa la saba lisitumie uwanja wa mpira, je, kura imetosha? Anayetaja haki ya darasa la saba ameelewa, hata kama hakulitaja neno demokrasia.

Kuhusu kisanduku cha fomu, nilimwambia mwenzangu akiache wazi wiki ya milinganyo, na mkuu wa idara akiuliza, amwonyeshe karatasi za falafeli.